Wavuke Wenyewe

Walituma kusema tuvuke.

Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa napiga lituma, ndizi zimeshaiva vizuri kwenye sufuria na mimi nazitwanga, wakati simu ya mujukuu wangu ililia juu ya meza. Akaifungua tusikie wote. Aliyepiga alikuwa tantine wa kijana anayetaka kumuoa, dada mukubwa wa baba ya kijana, na katika ile familia yeye ndiye anasema, wengine wanaitika. Wanakaa Makiso, katikati ya muji wa Kisangani, nyumba ya ghorofa, mulinzi ku mulango. Sisi tunakaa Lubunga, upande wa kushoto wa muto. Kati yetu na wao hakuna daraja. Kuna pirogue, mitumbwi yetu, na kuna bac, kivuko kikubwa, siku ile bac inapenda.

"Maman," akasema na sauti ya sukari, "tumewafikiria sana. Barabara yenu ni matope, na wewe umezeeka. Donc tumekodi salle, ukumbi mukubwa, huku kwetu. Viti viko na nguo nyeupe, muziki iko, chakula yote ni sisi. Mahari tutawapa pale pale. Nyinyi muvuke tu. Pirogue tutalipa sisi."

Nikamuuliza: "Nani anaoa?"

"Kijana wetu, maman."

"Na nani anaomba?"

Akacheka kidogo. "Eh, maman, siku hizi mambo yamebadilika. Magari yetu hayawezi kuvuka."

"Magari sikuyaita. Niliita watu. Watu wako na miguu."

"Maman..."

"Mimi sivuki, mwanangu. Wavuke wenyewe."

Nikarudia kutwanga. Mujukuu wangu alifunga simu, akashika kichwa. "Koko! Umeniua. Umeniua kabisa."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Yeye na yule kijana walijuana chuo kikuu, miaka minne wanasoma pamoja, na kijana mwenyewe ni mutu muzuri, anasalimia na mikono miwili. Kama ile familia ingekasirika, ndoa ingekufa kabla haijazaliwa, na ni mimi ningekuwa nimeiua, na mutwangio mukononi. Nilijua. Watu wengine walisema ni kiburi cha bibi kizee. Ndiyo, ni kiburi. Lakini hakikunijia bure, na nitaandika namna nilikipata.

Nilizaliwa Yangambi, kambi ya wafanyakazi. Baba yangu aliosha sahani katika nyumba ya muzungu mumoja wa mambo ya mimea. Ile nyumba ilikuwa na mulango wa mbele, na baraza ya saruji nyekundu iliyong'aa, na mulango wa nyuma ulioingia jikoni. Miaka yote baba hakupita kwa ule wa mbele hata mara moja. Siku mama alijifungua mudogo wangu, walinituma mbio kumuambia. Mimi mutoto, nilijua mulango gani? Nikasimama juu ya baraza, nikaita. Baba akatoka mbio, macho makubwa. Alinishika sikio, akanizungusha nyumba yote mpaka nyuma ya jiko, na ni pale tu, tumefika nyuma, ndipo aliuliza: "Wa kiume ao wa kike?"

Nilimuuliza juu ya nini hatupiti mbele. Akafungua mukono wake. "Tazama vidole," akasema. "Haviko sawa. Mungu ndiye aliviumba vile." Nikatazama. Vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Nikaamini, na niliendelea kuamini mpaka nikawa mama ya watoto.

Katika ile nyumba walifanya kazi wawili. Baba aliosha sahani, na mwenzake, kijana kuliko yeye, alipiga pasi. Walikuwa wanakula pamoja nyuma ya jiko, sahani moja, yale yaliyobaki mezani. Yule wa pasi alikuwa na alama mukononi, chini ya kiwiko, pembe tatu kama ncha ya pasi. Siku moja pasi ya makaa ilimuponyoka na ilikuwa inaangukia shati ya muzungu. Akaikinga na mukono wake mwenyewe. Nyama ya mutu inapona, alisema, shati haiponi. Jina lake ninalijua. Jina la baba yake ninalijua, la babu yake pia, maana zamani mutu alijitambulisha hivyo hata mbele ya mutoto. Majina yote ninayo. Hapa siandiki hata moja. Mwenye lake atalisikia.

Wazungu walipoondoka, waliondoka haraka, chai bado iko ndani ya vikombe. Baba yangu alifanya nini? Aliosha vikombe. Akafunga mulango wa mbele kwa ufunguo, akatoka kwa ule wa nyuma, na kila asubuhi alirudi kupangusa vumbi juu ya sahani ambazo hakuna mutu alikula ndani yake. Miezi. Hakuna aliyemutuma, hakuna aliyemulipa. Mama alimuambia: "Wamekwenda, wewe papa. Wamekwenda!" Yeye akajibu: "Wakirudi wakute uchafu?"

Mwenzake alitwaa shati moja, ya wale aliopiga pasi yeye mwenyewe, akaivaa. Akafungua mulango wa mbele. Akakaa kwenye kiti. Wakubwa wapya walipofika kutoka Kisangani na kuuliza nani anaangalia hapa, walikuta mutu mumoja na shati nyeupe na mutu mumoja na kitambaa cha sahani. Walizungumza na shati.

Kutoka hapo akapata karatasi, kisha ofisi, na wakati serikali ilitwaa maduka ya wageni ikayagawa kwa wananchi, naye akapata duka Kisangani, katikati. Baba alipolisikia alisema: "Mungu amemuinua." Mama alisema: "Mungu gani? Ni pasi." Baba akamunyamazisha, kama vile mama alikuwa ametukana kanisani.

Munaelewa sasa. Siku ya kwanza mujukuu wangu alinitajia kijana wake, nilimuuliza jina lote, na la baba, na la babu. Alipofika kwa babu, akataja jina la yule wa pasi. Duka lilizaa nyumba ya ghorofa, na nyumba ya ghorofa ilizaa ile sauti ya sukari kwenye simu. Sikumuambia mutu.

Mume wangu, yeye, hakuamini vidole. Alikuwa mutu wa reli, hapa hapa Lubunga. Kambi yao ilijengwa kwa cheo: mukubwa alikuwa na baraza na bafu ndani, wa katikati vyumba vitatu, na sisi chumba na sebule, choo huko nje kwa familia nne. Nilimuambia, basi ndiyo Mungu alivyopanga. Akacheka. "Mungu hajengi choo. Ni karatasi. Wao wako na diplome, sisi hatuna. Watoto wasome, utaona." Kwangu ile ilikuwa habari mpya kabisa. Kumbe tofauti haikushuka kutoka juu, ilitoka darasani, na mutu anaweza kwenda kuichukua! Nikatengeneza kwanga, ile mikate ya muhogo, na kuuza, watoto wakasoma. Mimi mwenyewe niliishia mwaka wa tatu, lakini daftari zao nilikuwa nazisimamia, usiniambie kitu.

Kisha treni zikapunguka, zikapunguka, mpaka majani yakaota kati ya reli. Mume wangu akafa akingoja treni na mishahara. Na siku moja sokoni nikaona mwalimu wa wanangu, mutu wa diplome, amepanga kwanga yake kando ya yangu.

"Mama, umeuza leo?"

"Bado, mwalimu. Na wewe?"

"Bado."

Tukakaa pale, karatasi na hakuna-karatasi, tukifukuza nzi. Basi nikajua mume wangu naye hakufika mwisho wa ile mambo.

Lakini kujua na kufanya ni vitu viwili, na hapa nafika kwenye kosa langu. Ninaliandika mwenyewe.

Mutoto wangu wa kwanza ni musichana. Alipofika wakati wa kuolewa, alikuja mutu wa ng'ambo, familia ya biashara. Nao walituma kusema vile vile: barabara mbaya, sisi tuko na nafasi, nyinyi muvuke. Kwetu, watu wa muto, anayeomba ndiye anatembea. Wanakuja, wanasimama. Hawakai mpaka mwanamuke mukubwa wa upande wa musichana awaite kwa majina ya baba zao, watatu kurudi nyuma. Akishataja, ndipo mukeka unafunguliwa. Maana yake: tunajua mumetoka wapi, na nyinyi mumejua njia ya kufika kwetu, na siku mutoto wetu atalia tutajua mulango wa kupiga. Nilijua hii yote. Nilifundishwa na mama. Lakini niliposikia viti na salle, vidole vya baba vilirudi kichwani: mudogo anakwenda kwa mukubwa, ndiyo dunia. Tena niliona ni heshima! Nilivaa kikwembe changu kizuri, nikapanga watu ndani ya pirogue, tukavuka tukiimba.

Walituweka kwenye benchi, nyuma. Rafiki zao walikaa mbele. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyeitwa jina. Lituma na samaki tuliyobeba waliweka kando ya jiko, hawakuigawa. Tulirudi na sufuria zimejaa, tukala wenyewe katikati ya maji, bila wimbo.

Na tangu siku ile, kila neno likitoka vibaya katika ile nyumba, mama mukwe alikuwa na jibu moja tu: "Hatukukufuata sisi. Ni kwenu walikuleta." Chumvi ikizidi: walikuleta. Mutoto akiugua: walikuleta. Mwanangu alikuwa anakula jikoni na wafanyakazi, miaka saba. Nami nilipokwenda kuuliza, yule mama alinipokea kwenye geti, amesimama, akaniambia kwa upole kabisa: "Wewe mwenyewe ulimuleta, maman. Kama hukupenda, juu ya nini ulimuleta?" Kinywa changu nilikiacha ndani ya ile pirogue.

Siku moja mwanangu alivuka na begi moja na watoto wawili, mudogo mugongoni. Yule wa mugongoni ndiye huyu mujukuu. Hakulia. Aliweka begi chini, akaniambia: "Mama, mulinileta." Basi. Hakuongeza, na mpaka leo hajaongeza.

Kwa hiyo tantine aliposema tuvuke, mimi nilisikia sauti mbili, yake na ya yule mama mukwe wa zamani.

Mujukuu wangu alinifuata jikoni. "Koko, hii mambo ya kuvuka iko formalité tu!"

"Formalité ni nini?"

"Kitu ya kufanya juu ya kufanya tu. Haina maana."

"Kama haina maana, juu ya nini wao hawaifanyi?"

Yeye anasoma mambo ya uchumi. Nikamuambia: "Bon, wewe uko na kichwa. Kule kwenu wanafundisha nini juu ya wakubwa na wadogo?"

Alijipangusa machozi. Alisema zamani wenye elimu wengi walifundisha kwamba wakubwa wakitajirika si mubaya, maana utajiri ni kama mvua ikipiga mabati: itashuka tu, itafika chini.

"Hao walimu waliwahi kuona nyumba ya tajiri?"

"Juu ya nini, koko?"

"Mwenye mabati iko na mufereji. Na chini ya mufereji iko na pipa."

Alicheka mpaka akasahau alikuwa analia. "Koko, siku hizi ndiyo wanaanza kuandika ile! Wanauliza pipa iliwekwa na nani."

"Waambie wamechelewa. Wapande pirogue waje, nitawaonyesha mwenye pipa."

Lakini kicheko kilipoisha alirudia kuwa mutoto wangu mudogo. Akasema, polepole: "Na kama hawatakuja?"

Mama yake alikuwa kwenye kona, anamenya ndizi. Sasa akasema, bila kuinua kichwa: "Kama hawatakuja, utakuwa umejua mapema. Mimi nilijua nikiwa na watoto wawili. Wavuke."

Majuma matatu simu haikulia. Nitasema kweli: niliogopa. Mujukuu wangu alipungua uso. Jirani walipita wakisema "Mama, ndoa imefika wapi?" na macho yao yalijua imefika wapi. Mama mumoja wa kanisa alikuja kunifundisha unyenyekevu. Nilimupa kiti, nikamupa maji, nikamuambia: "Unyenyekevu ni nguo nzuri, mama. Lakini juu ya nini kila mara fundi anaikata kwa kipimo changu? Wale wa ng'ambo hawajawahi kupimwa?" Alikunywa maji akaenda.

Kisha kijana mwenyewe akavuka, peke yake. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mutu amekuja hospitali.

"Koko, mimi nimevuka."

"Nakuona. Karibu. Lakini wewe si ukoo, wewe ni mutu mumoja."

"Tantine amekasirika. Anasema munatupima."

"Ndiyo, tunawapima. Wao hawatupimi? Baba yako anasema nini?"

"Papa hasemi sana."

"Basi mupelekee neno, yeye, si tantine. Muambie: kule ng'ambo kuna bibi anayejua jina la baba yako, na la baba ya baba yako, na la yule wa nyuma yao. Na anajua walikula sahani gani. Kama anataka kusikia, avuke."

Kijana alinitazama sana. Akaenda. Juma lile lile simu ililia, na haikuwa tantine. Sauti ya mwanaume, kavu, kama haijatumiwa siku nyingi: "Mama, tutakuja siku ya posho, Jumamosi."

Walikuja na pirogue mbili za mota, watu kama kumi na tano. Mvua ilikuwa imenyesha, na ufuko wetu ukinyeshewa, ni uji. Tantine alikuwa mbele, na viatu virefu vya dhahabu. Aliweka muguu mumoja chini, kiatu kikabaki. Wamama wauza samaki pale ufukoni hawajui huruma.

"Tantine, vua! Matope haiulizi cheo!"

"Matope ya Lubunga iko bure, beba na ya nyumbani!"

"Mumuache, anapanda kiatu, kesho itaota!"

Alivua. Akapanda kilima miguu wazi, kikwembe mukononi, uso umekazwa kama ngozi ya ngoma. Nilimuona kutoka mulangoni na, Mungu anisamehe, nilimupenda kidogo. Alikuwa anatembea.

Waliingia mu kiwanja. Mukeka ulikuwa umekunjwa, umesimama kwenye ukuta. Tantine akatazama kulia, akatazama kushoto. "Viti viko wapi?"

"Subiri, mwanangu," nikasema. "Kwanza tujuane."

Nikasimama. Magoti yangu si ya kwangu tena, mwanangu alinishika. Nikamuita kijana kwa jina lake lote. Nikamuita baba yake. Nikamuita baba ya baba yake, na jina lake la utotoni ambalo hata kaburini hawakuandika. Nikamuita na yule wa nyuma yake. Nikataja kijiji chao, chini ya muto, na kijito wanachochotea maji. Watu wao walitazamana. Wazee wa upande wetu wakaitika kila jina, kama inavyotakiwa.

Halafu nikasema: "Baba ya baba ya huyu kijana alikuwa mupiga pasi Yangambi. Katika ile nyumba, baba yangu alikuwa muosha sahani. Walikula sahani moja nyuma ya jiko. Kwa hiyo hamukufika kwa wageni."

Tantine akaruka. "Maman! Unatutukana mbele ya watu? Papa wetu alikuwa agent! Mutu wa ofisi!"

"Alikuwa mutu wa ofisi. Na kabla ya ofisi kulikuwa na pasi. Kama ingekuwa matusi, ningeacha sahani ya baba yangu nyumbani."

"Tumevuka matope kuja kusikia hii?"

"Ndiyo," akasema mutu nyuma yake.

Alikuwa baba ya kijana. Mutu munene, nywele nyeupe, koti zito kwa ile jua. Alipita mbele ya dada yake. "Mama," akaniuliza, "pasi ya namna gani?"

"Ya makaa."

Akashika mukono wake mwenyewe, chini ya kiwiko, juu ya koti. "Hapa?"

"Hapo hapo. Pembe tatu."

Akaachilia mukono. Kisha akasema, si kwangu, kwa dada yake: "Alituambia ni moto wa mashua."

Tantine naye alikuwa ameinamisha kichwa. "Kila mwaka mashua ilibadilika jina," akasema kwa sauti ndogo. Mutu mumoja akacheka, halafu wengi, na baba ya kijana mwenyewe akacheka, machozi yanatoka, akakaa chini. Chini kabisa, juu ya udongo, na koti lake. Mukeka bado uko kwenye ukuta! Ikabidi mwanangu amuambie: "Papa, samahani, simama kidogo nikutandikie." Akasimama, akapanguswa, akakaa tena, na ile ikamaliza ukali wote wa siku.

Ya shati sikuitaja. Ilikuwa kwenye ulimi, nikaimeza, si kwa huruma. Yule mutu hakuiba: kiti kilikuwa wazi, akakaa. Ni baba yangu aliyeendelea kulinda kiti cha mutu aliyekwenda. Lakini siku ile, nikiwatazama wote juu ya mukeka mumoja, niliona ile ambayo ilinichukua maisha yote kuiona. Kati ya ghorofa yao na nyumba yangu ya udongo hakukuwa na vidole vya Mungu, wala diplome. Kulikuwa na shati moja, na asubuhi moja, na nani alithubutu kupita mulango gani. Kisha watoto wa shati wakazaliwa juu ya kiti, wakafikiri kiti kiliota pale. Baba, pale ulipo, unisamehe. Vidole haviko sawa, ni kweli. Lakini sijaona kidole kinakaa barazani na kingine kinasimama nyuma ya jiko.

Tulipakua lituma na samaki wa kufunga na majani. Safari hii sufuria zilibaki tupu. Tantine alikula wa mwisho, amegeuza uso, lakini nilimuona. Aliongeza mara mbili.

Mujukuu wangu yuko ng'ambo sasa, mwezi wa tano. Sisemi ile nyumba imekuwa paradizo. Tantine ni tantine. Juzi simu ililia tena asubuhi, mwanangu anamenya ndizi, mimi niko na mutwangio.

"Koko, jana kulikuwa na wageni wakubwa. Tantine aliniambia meza imejaa, niende nikule jikoni."

Mutwangio ulisimama hewani. "Ukajibu nini?"

"Nilimuambia: tantine, mulivuka."

"Basi?"

"Basi. Sikuongeza."

"Na yeye?"

"Alinitazama tu, koko. Halafu papa mukwe akasimama kwenda kutafuta kiti."

Mwanangu aliacha kisu. Alinyosha mukono, bado uko na utomvu wa ndizi, akatwaa simu. Alikuwa amesikia vizuri, sauti ilikuwa ya wote. Hata hivyo akaiweka karibu kabisa na sikio.

"Rudia," akamuambia mutoto wake. "Ulisema nini?"